Jina la Mama, Ukurasa wa Sita

Alhamisi, 6 Februari

Kijitabu cha pili cha mazishi leo. Mzee wa Kiminini, wake wawili, watoto kumi na mmoja, wajukuu hawahesabiki. Nimefungua faili la marehemu wa wiki jana, nikamfuta yule, nikammwaga huyu ndani yake. Ndivyo tunavyofanya sote, kila duka la uchapishaji kutoka hapa Kibomet mpaka Malakisi. Hakuna anayeanza na ukurasa mtupu wakati maiti iko mochari na familia inapiga simu kila dakika kumi.

Shida ni kusahau. Unafuta jina la marehemu wa kwanza kwenye jalada, unaliacha kwenye shukrani. Katika sanduku langu la bati kuna kijitabu ambamo mchungaji mwenye ndevu anaitwa "dada yetu mpendwa". Ndiyo maana nimebandika karatasi ukutani: SOMA KWA SAUTI MARA MBILI. Kwa sauti, maana macho huona yanachotaka. Wateja huicheka.

Sanduku sasa linafungwa kwa shida. Vijitabu vya mazishi vya miaka saba, na hiyo ndiyo tasnifu yangu: namna familia za upande huu zinavyopanga majina na picha za wafu wao katika kurasa nane. Nani anapewa nafasi ya juu, nani anasukumwa pembeni. Jumamosi nawasilisha pendekezo chuoni, Bungoma. Uzamili wa usanifu, na nina miaka thelathini na saba.

Cha kwanza kabisa sandukuni ni cha mama. Selina Nanjala. Siku tatu nilikaa nacho. Pambo la ukingoni nilichora kwa mkono, majani ya kunde kutoka bustani yake. Mama sikummwaga kwenye faili la mtu. Yeye alianza na ukurasa mtupu.

Jumamosi, 8 Februari

Kizito amenimaliza.

Kizito Simiyu, wa Malakisi. Tunakaa dawati moja tangu Septemba. Mwezi jana aliomba flashi yangu, ati aone tu jinsi ninavyopanga sura. Akaja pia na simu, akapiga picha vijitabu vyangu mezani pale kantini. Mimi ndiye niliyemshikia kurasa zisijikunje. Mimi, kwa mikono yangu hii.

Leo aliitwa kabla yangu. Kichwa cha pendekezo: changu, maneno mawili yamebadilishwa. Maswali ya utafiti: yangu yote. Kisha akafungua picha, na ukutani, kubwa kama mlango, nikaona kidole gumba changu. Kile cha ukucha mweusi uliobanwa na mlango wa duka. Kimeshika ukurasa wa mtu wa Webuye.

Jopo lilimpigia makofi. Nilipoitwa mimi, wakatazamana. Daktari Maloba, msimamizi wetu, akauliza kama tumekubaliana tuandike kitu kimoja. Watu wakacheka. Nilisema nitajipanga upya, nikakaa chini.

Nilikaa chini! Hilo linaniuma kuliko wizi wenyewe.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Nimemchukia huko pia, hata wakati wa sadaka.

Jumanne, 11 Februari

Nimemwandikia Daktari Maloba. Kurasa mbili, na picha ya kidole changu kando ya picha ya Kizito. Hajajibu.

Jumamosi, 15 Februari

Amejibu, kwenye ngazi, akiwa na haraka ya chakula. "Nafula, wewe si ni mbunifu bana. Tafuta ingine. Hata vifungashio vya maharagwe, hiyo ni topic safi." Kidole si ushahidi, anasema. Kizito amemwambia vijitabu tulivikusanya pamoja. Pamoja! Huyo mtu hajawahi kubeba hata kimoja. Hajawahi hata kuuliza duka langu liko mtaa gani.

Kizito mwenyewe alinifuata koridoni na kikombe cha chai. "Sasa Nafu. Usichukulie vibaya. Si idea ni ya kila mtu?"

Nilichukua chai. Nikaimwaga kwenye maua ya chuo akiwa ananitazama. Akatabasamu. Yale meno yake.

Jumatano, 19 Februari

Sifanyi kazi vizuri. Nimekosea kadi ya harusi, bwana harusi ana jina la shemeji. Nilisoma mara moja tu.

Adhuhuri nikabuni bango. Uso wa Kizito, neno MWIZI chini yake, herufi nyekundu nene, pambizo sawa pande zote. Nilipanga kulibandika kila nguzo kutoka stendi ya Bungoma hadi lango la chuo. Lilikuwa bango zuri mno. Nikalifuta, maana kila mtu angejua mkono wa nani.

Nataka kitu ambacho atajifanyia mwenyewe.

Jumatatu, 24 Februari

Babake Kizito amefariki. Mzee Laurenti Simiyu. Tangazo limeingia kwenye kundi la darasa asubuhi, na watu wote wanaandika aya nzima za rambirambi, na mishumaa.

Nimeandika: Pole.

Mazishi Jumamosi, Malakisi. Darasa linaenda, hata Daktari Maloba. Sijaamua.

Alhamisi, 27 Februari

Niandike yote kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi aliingia mtu mrefu mwenye koti la suti na ndala za vumbi. Pius Simiyu. Nilipolisikia jina nikatazama uso: paji lile lile. Ndugu mkubwa wa Kizito. Hanijui. Shemeji zake wa Kiminini ndio waliomwelekeza. "Nimeambiwa hapa ndio munapiga kazi safi. Stima imepotea Bungoma tangu jana, na sisi tunazika Jumamosi. Iko tayari kila kitu, ndugu yangu ndio ametengeneza, yeye anasomea hizo mambo. Ni ya kupiga tu."

Akanipa flashi. Faili lilikuwa moja. Jina lake: MAMA MWISHO KABISA 3.

Hilo ni faili langu, lilikuwa kwenye flashi niliyomwazima. Jina nililolipa mimi, siku ya tatu, nikiwa nimechoka kulia na kusahihisha. Kizito hakujali hata kulibadilisha.

Nikafungua. Majani ya kunde ya mama kila ukingo. Picha ya Mzee Laurenti imekaa katikati yake, na kofia, mahali pa uso wa mama. Kizito amemfuta mama yangu akammwaga baba yake ndani. Mwanafunzi wa uzamili, anayewaambia wakubwa kwamba anachunguza jinsi watu wetu wanavyounda vijitabu vya mazishi! Hata chake ameshindwa kukiunda.

Nikasoma kurasa zote kwa macho tu. Ukurasa wa sita, chini ya shukrani kwa kanisa na kwa waliotoa mahema, mstari wa mwisho, bado upo:

Selina Nanjala, watoto wako hawatakusahau.

Sentensi yangu. Ameisahau.

Nilikaa nikiitazama mpaka Pius akauliza kama mashine ina shida. Nikamwambia hapana. Nikamuuliza, kama ninavyomuuliza kila mteja, "Mmesoma?" Akasema Kizito amesoma. Nikachapa nakala ya mfano, nikampa aitie sahihi. Alifungua jalada, akaiona picha ya baba yake, akaanza kulia bila sauti. Hakufika ukurasa wa pili. Akatia sahihi juu ya kofia ya mzee.

Niliona. Karatasi yangu iko ukutani, iko juu ya kichwa chake. Nikaiweka ile nakala kwenye droo.

Ijumaa, 28 Februari

Nimechapisha vyote. Nimekunja, nimepiga pini. Karatasi nzuri, ile nzito. Sikutaka mtu aseme kazi ni mbovu.

Pius amechukua maboksi saa nane. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita dada, akasema Mungu anibariki kwa haraka niliyofanya.

Nimejiambia siku nzima: yangu ni kuchapa nilicholetewa. Sahihi ninayo. Kesho Kizito ataaibika mbele ya ukoo, mbele ya darasa, mbele ya Maloba. Kwa mkono wake. Ndicho nilichoomba.

Nitaenda. Nguo ya kijani kibichi, siyo nyeusi. Yule si mfu wangu.

Jumamosi, 1 Machi

Nimerudi. Jua bado halijazama lakini nimefunga mlango.

Boma la Mzee Laurenti liko kando ya mashamba ya tumbaku, na mahema yalikuwa manne. Nilikaa safu ya tatu, upande wa wanachuo. Daktari Maloba viti viwili kutoka kwangu, anajipepea kwa kijitabu changu. Kila mtu alikuwa nacho. Nilihesabu majani ya kunde mikononi mwa watu mpaka nikaacha.

Kizito ndiye aliyesoma. Nilijua angesoma yeye, mtoto aliyesoma sana ndiye hupewa maikrofoni. Suti ya kijivu. Sauti ile ya kuwasilisha. Akasoma kuzaliwa, akasoma shule, ndoa, kazi ya mzee ya kununua tumbaku. Ukurasa wa tano. Wa sita. Kanisa, mahema, wauguzi. Akaenda moja kwa moja, bila kupumua, "Selina Nanjala, watoto wako hawatakusahau."

Akakwama. Akarudisha macho kwenye karatasi.

Halafu minong'ono ikaanza nyuma. Nikamwona Kizito akipekua kurasa kama anatafuta mahali pa kutokea. Ilikuwa tamu. Hiki ni kitabu changu, sitaandika uongo humu. Dakika moja nzima ilikuwa tamu kuliko chochote nilichoonja mwaka huu.

Kisha mama mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake: "Ati alikuwa na bibi mwingine. Na watoto." Mwenzake akajibu, "Wa Kitale, si alikuwa anaenda huko kila mwaka akisema ni mbegu ya mahindi?" Wakaguna. Na habari ikatembea safu kwa safu, mpaka mbele kabisa, mpaka kwa mama mdogo wa mwili aliyekaa karibu na jeneza na leso mkononi. Mjane. Mama Pius. Akainua uso, akauliza bila maikrofoni, na sote tukasikia: "Serina ni nani?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Siku tatu nzima nilimfikiria Kizito tu.

Ndugu wa marehemu, mzee mwenye bakora, akasimama. Akamtaka Kizito aseme huyo mwanamke ni wa wapi, na hao watoto wako wapi, maana wakitokea kesho wakidai shamba, ukoo ujue leo. Kizito akanitafuta kwa macho. Akanipata. Alijua, na alijua ninajua. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema: nilinakili kazi ya mtu. Mama yake anamngoja. Baba yake amelala pale.

Akasema, "Hayo ni mambo ya familia. Tutaongea baadaye."

Alikubali. Alikubali baba yake awe na mke wa siri kuliko yeye aitwe mwizi. Na mama yangu, aliyekuwa na mwanamume mmoja maisha yake yote, ambaye hakuwahi kufika Malakisi hata siku moja, akageuka kuwa hawara wa marehemu mbele ya mahema manne. Kwa wino wangu. Kwenye karatasi nzito niliyoichagua mimi.

Nilisimama. Sikupanga. Nilisema: Selina Nanjala ni mama yangu mzazi. Alizikwa Kitale miaka saba iliyopita. Mzee huyu hakumjua. Kijitabu hiki ni cha mama, nilikitengeneza mimi, Kizito alikichukua bila ruhusa akamweka baba yake ndani, akasahau kufuta mstari mmoja. Kama alivyochukua tasnifu yangu.

Maloba akaacha kujipepea.

Ningeketi hapo ningekuwa nimeshinda. Lakini Pius alikuwa amesimama karibu na nguzo ya hema, akinitazama. Amenikumbuka. Akasema polepole, "Lakini ni wewe ulipiga hii. Uliona hiyo jina?"

Ningeweza kusema sahihi ni yake. Ninayo, iko kwenye droo.

Nikasema, "Niliona."

Hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana. Pius aligeuza uso tu. Yule mzee wa bakora akakaa chini taratibu. Ni mama Pius aliyezungumza, naye hakuniangalia, alimwangalia mchungaji. "Basi ameshaitwa. Pasta, mtu akiitwa kwa matanga hawezi achwa hivyo. Muombee na yeye."

Mchungaji akaomba. Laurenti Simiyu na Selina Nanjala, majina mawili, kwa sauti. Watu wa Malakisi wote wakaitikia amina kwa ajili ya mama yangu. Nilishindwa kufumba macho.

Jumapili, 2 Machi

Sikwenda kanisani.

Kizito ameondoka kwenye kundi la darasa. Vizuri. Aende.

Mama yangu nisamehe. Kizito simsamehe.

Jumatano, 5 Machi

Daktari Maloba amepiga simu. Sauti nyingine kabisa, ya mtu anayekanyaga matope na viatu vipya. Anataka nilete faili la asili na tarehe zake. Nimempelekea faili, nimempelekea na barua yangu ya tarehe kumi na moja, ile aliyoipuuza. Nimeweka mstari chini ya tarehe.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudishiwa. Jopo limesema tasnifu ni yangu, na Kizito aanze upya akimaliza matanga. Atarudi nyuma muhula mzima. Daktari Maloba alinipa mkono. Niliuacha hewani kidogo kabla ya kuushika.

Kizito nilimwona langoni, amenyoa kipara cha msiba. Nilitaka aseme kitu ili nimjibu. Nilikuwa nimeandaa jibu njia nzima. Akapita akitazama viatu vyake. Jibu bado ninalo, limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nilidhani ningerudi nikiimba. Nilipika ugali, nikala nimesimama.

Jumatatu, 10 Machi

Kila nikifungua faili la mama namwona mzee mwenye kofia. Namlaumu Kizito. Kisha namkumbuka Pius akilia juu ya jalada. Namlaumu Kizito tena, lakini inachukua muda zaidi.

Nimetoa sahihi ya Pius kwenye droo. Nimeichana.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua ya kwanza asubuhi. Matrekta yanapita barabarani tangu alfajiri, kila mtu anawahi kupanda.

Saa tano Pius aliingia tena, viatu vya mpira leo, na nyuma yake mama yake amejifunika kanga kichwani. Nilisimama. Pius hakunisalimu, alitazama ile karatasi ukutani, akaisoma yote, midomo ikitembea. Mama Pius ndiye aliyenipa mkono. Anataka vijitabu vichache vilivyo sawa, vya kuweka kwenye kabati la vioo. Vile vingine wamevichoma.

Nilimwomba msamaha. Niliusema vibaya, kwa haraka. Akasema, "Nimesikia, mwanangu. Sasa nisomee. Mimi macho yangu haioni hizi vitu."

Nikamwambia kwanza nitaondoa majani ya kunde nimtengenezee mzee pambo lake. Akauliza ni majani gani. Nikamwambia. Akasema mzee alipenda kunde, niyaache.

Nikasoma. Kwa sauti, kurasa nane, mvua ikipiga mabati. Alitingisha kichwa kila penye jina la mtoto. Mahali pa ndoa alinirekebisha, walifunga kwa kanisa la zamani siyo jipya, na Kizito hakuwa anajua. Nikabadilisha. Ukurasa wa sita nilifuta mstari wa mwisho akiwa ananiangalia, nikamaliza kusoma. Nikaanza tena mwanzo, mara ya pili.

Tulipofika pale akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, chini ya mahema na wauguzi. "Hapa ndio Serina alikuwa?"

"Ndiyo, mama."

"Pamebaki peupe."

Nilimweleza kwamba hiyo si shida, nitashusha maandishi, nitavuta picha kidogo, pengo litazibika. Ndiyo kazi yangu. Ukurasa ukiachwa hivyo huonekana kama haujaisha. Mwenzangu akinionyesha ukurasa kama huo, namwambia arudie.

"Wacha tu," akasema.

Nimeuacha. Nimechapa kumi na viwili, nimekunja, nimepiga pini. Pius alibeba boksi, na mlangoni akasema asante bila kugeuka. Kimoja nimebaki nacho. Nimekiweka sandukuni, chini ya cha mama, nikafunga kifuniko.